Folda inazunguka tu haifunguki? Soma dalili kabla hujapiga Windows upya

Hapa Dodoma ukipeleka kompyuta kwa mtu ukamwambia "nikifungua folda inachelewa", jibu la kwanza mara nyingi ni lile lile, tupige Windows upya. Inapigwa kweli, siku mbili tatu inakuwa nyepesi unafurahi, wiki ikipita imerudi palepale, na hapo picha za harusi zimeshaenda na pasiwedi zote huzikumbuki. Kwanini? Kwa sababu hakuna aliyekaa akauliza inachelewa wapi na inachelewa saa ngapi, watu wamerukia dawa tu.

Ile File Explorer, programu yenye alama ya folda ya njano unayofungulia mafaili yako, yenyewe haina uzito wowote wa maana. Ikiganda ujue kuna kitu imekiuliza na hicho kitu hakijajibu, inaweza kuwa diski, flashi, mtandao, antivairasi au kijiprogramu kimejibanza kwenye menyu. Kwahiyo swali la kujiuliza kila saa ni moja, hii kitu inamsubiri nani? Na ukiangalia dalili vizuri inakwambia yenyewe bila hata kuifungua mashine.

Kabla ya yote bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja ije Task Manager, kwenye list tafuta "Windows Explorer", ibonyeze afu chini au juu (inategemea Windows yako) bonyeza "Restart". Skrini itapepesa kidogo, usiogope. Kama shida ilikuwa ni Explorer kuchoka baada ya kompyuta kukaa imewashwa siku nyingi bila kuzimwa, na wengi wetu tunafunika tu laptopu tunasema tumezima, hapo itaisha. Isipoisha usiifunge hiyo Task Manager, iache pembeni, fanya ile kitu inayochelewa huku unaangalia safu za CPU, Memory na Disk ni ipi inapanda. Hiyo ndo ramani yako.

Inachelewa kufunguka yenyewe, hata folda hujagusa

Unabonyeza ile alama ya njano chini, dirisha linakuja jeupe, juu kwenye anwani kuna mstari wa kijani unatambaaa, "Working on it..." inakaa, unaweza ukaenda kuchota maji ukarudi. Ikishafunguka baada ya hapo inakimbia vizuri tu.

Hii nimeiona sana kwa watumishi wanaofanya kazi Mtumba, kule mji wa Serikali, wanaorudi na laptopu nyumbani. Kuna kijana mmoja wa Nkuhungu alikuja analalamika kwamba mashine ofisini ni nyepesi ila ikifika nyumbani inakuwa na "mapepo". Tukafungua "This PC", tukakuta kuna Z: yenye alama nyekundu ya X, na pembeni kushoto alikuwa amepini folda mbili za seva ya ofisi. Sasa kila akifungua Explorer, Windows inaanza kuitafuta ile seva ya Mtumba kupitia hotspoti ya simu yake pale Nkuhungu, haiipati, inasubiri mpaka ikate tamaa ndo ikuoneshe mafaili mengine. Hakuna pepo hapo.

Dawa yake: raiti kliki kwenye ile folda iliyopiniwa chagua "Unpin from Quick access". Kwa hiyo diski ya mtandao fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) andika net use, itakuorodheshea zote zilizounganishwa, ile usiyoihitaji nyumbani unaitoa kwa net use Z: /delete (weka herufi yako). Kama ofisini unaihitaji basi itabidi uwe unaunganisha upya ukifika, ni kero kidogo ila ndo hivyo.

Afu hata kama huna seva yoyote, ile kurasa ya kwanza inayofunguka, Windows 10 inaitwa Quick access na Windows 11 inaitwa Home, kazi yake ni kukusanya mafaili uliyofungua karibuni. Mojawapo likiwa lilikuwa kwenye flashi uliyoazima ukarudisha, inaweza ikahangaika nalo. Ingia kwenye Options (Windows 10 iko kwenye View, Windows 11 bonyeza vile vidoti vitatu), pale palipoandikwa "Open File Explorer to" weka "This PC", chini sehemu ya Privacy bonyeza "Clear". Kama una Windows 11 na bando lako linasuasua, hapohapo toa tiki kwenye "Show files from Office.com", kwenye matoleo mapya imeandikwa kirefu kwamba ni "account-based insights". Hiyo inaenda intaneti kuuliza mafaili yako, na wewe umefungua folda ili utoe CV ukaprinti tu.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni CD. Desktop za zamani nyingi bado zina ile drevu ya DVD, na ndani kuna CD ya kwaya imechakaa toka mwaka juzi, Explorer ikifunguka inaiamsha, unaisikia inaunguruma inajaribu kusoma. Itoe. Vilevile hadi diski (hard disk) ya nje ikikaa muda bila kuguswa inalala, ukiiamsha inachukua sekunde kadhaa kuanza kuzunguka na muda huo Explorer inaganda. Dalili ya hii ni kwamba inaganda mara ya kwanza tu baada ya kukaa, afu freshi. Kwenye Power Options kuna "Turn off hard disk after", ongeza dakika kama inakukera, ila hiyo sio ugonjwa.

Folda moja tu ndo inasumbua, na mara nyingi ni Downloads

Kuna mama ana steshenari kule Chang'ombe, kila mteja anayekuja kuprinti anamtumia faili kwa WhatsApp au imeili, linashuka Downloads, linaprintiwa, linabaki. Miaka. Akaniita, "Mwanangu hii mashine imezeeka, nitafutie nyingine hata ya mtumba." Nikamwambia mama hebu fungua kwanza Documents. Ikafunguka hapohapo. Fungua Picha za duka. Ikafunguka. Fungua Downloads, mstari wa kijani ukaanza safari. Nikamwambia mama, mashine ikizeeka inazeeka kote, haichagui folda.

Shida ya Downloads sio wingi wa mafaili peke yake, hata folda yenye mafaili elfu kadhaa inatakiwa ifunguke bila maneno. Shida ni kwamba Windows inaangalia kilichomo afu inaamua yenyewe hii ni folda ya aina gani. Ikikuta picha na video nyingi inaiweka kwenye kundi la picha au video, na hapo inaanza kulifungua kila faili ndani kutafuta tarehe ya kupigwa, ukubwa wa picha, urefu wa video, ili tu ikupangie. Kwenye hadi diski ya zamani hiyo ni kazi nzito.

Fanya hivi. Raiti kliki kwenye folda, Properties, tabu ya "Customize", pale "Optimize this folder for" weka "General items". Kuna tiki ya kuhusisha na folda za ndani, weka, afu OK. Usipoiona hiyo tabu ujue umeingia kupitia njia ya mkato, nenda kwenye C:, Users, jina lako, ndo utaikuta Downloads yenyewe. Kisha ingia ndani ya folda, raiti kliki sehemu nyeupe, "Group by" weka "(None)", kwa sababu Windows 10 kuanzia toleo la 1903 inapenda kuzipanga Downloads kwa makundi ya "Today", "Last week" na kuendelea. View weka "Details". Pale kwa yule mama hilo la "General items" peke yake lilimaliza kesi, ila bado nilimwambia awe anafuta maana kulikuwa na vyeti vya watu, vitambulisho vya NIDA, mikataba ya nyumba, vitu ambavyo havitakiwi kukaa kwenye mashine ya steshenari hata kidogo.

Kama ni folda ya picha kweli, na unachosubiri ni vile vipicha vidogo vitokee, kuna akiba ya vipicha hivyo ambayo inaweza kuharibika ikawa inatengenezwa upya kila ukifungua. Andika cleanmgr kwenye sehemu ya kutafutia, chagua C:, weka tiki kwenye "Thumbnails", futa. Mara ya kwanza itachelewa zaidi maana inajenga upya, mara ya pili ndo uhukumu. Na kama mashine ni dhaifu kabisa, kwenye Options tabu ya View weka tiki "Always show icons, never thumbnails". Utapoteza vipicha lakini utapata amani.

Kuna na hii ya OneDrive. Ukiona pembeni ya mafaili kuna kawingu kadogo ka bluu, hilo faili halipo kwenye mashine yako, lipo mtandaoni, ukiligusa linaanza kushuka kwa bando lako. Watu wengi wananunua laptopu, wanaweka akaunti ya Microsoft, Windows inahamishia Desktop na Documents OneDrive kimyakimya afu wanashangaa faili la Word la ukurasa mmoja linafunguka dakika nzima. Raiti kliki kwenye folda, "Always keep on this device", subiri ishushe zote mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi nzuri. Au kama hutaki kabisa mambo ya mtandaoni, shusha kwanza zote ndo uikate akaunti, usianze kwa kukata.

Inaganda ukipiga raiti kliki

Folda zinafunguka vizuri, mafaili yanaonekana, ila ukipiga raiti kliki kaduara kanazunguka, wakati mwingine dirisha zima linakuwa jeupe na "Not Responding". Hapa mtuhumiwa ni karibu siku zote vijiprogramu vilivyojiongeza kwenye hiyo menyu. Kila programu ya kufungulia zip, ya PDF, ya kukonvati video, antivairasi, za kuhifadhi mtandaoni, zote zinapenda kuweka jina lao pale, na Windows kabla haijakuonesha menyu inabidi iziulize zote. Mmoja asipojibu, wote mnasubiri.

Kwenye Windows 11 kuna kipimo cha haraka. Ile menyu fupi ikija fasta lakini ukibonyeza "Show more options" ndo inaganda, basi umeshajua ni hizo za kizamani. Shusha ShellExView ya NirSoft, ni ya bure na ndogo, itakupa orodha yote na zile ambazo sio za Microsoft zinakuwa na rangi ya pinki. Usizime za Microsoft. Zima nusu ya zile za pinki, ristati Explorer kwa njia niliyosema juu, jaribu. Ikipona mwizi yupo kwenye nusu uliyozima, isipopona yupo kwenye nusu iliyobaki, unaendelea kukata hivyohivyo mpaka abaki mmoja. Haichukui muda. Ukimjua unaamua, aidha unaapdeti hiyo programu au unaitoa. Kwa maoni yangu zile konvata za video za bure ndo wa kwanza kushukiwa, kwanza wengi walizitumia mara moja tu.

Kila kitu kizito na Disk inasoma 100%

Hapa ndo penye kazi, tukae.

Ukiwa kwenye Task Manager safu ya Disk imekaa 100% na haishuki, usikimbilie kusema ni vairasi. Nenda tabu ya "Performance", bonyeza Disk 0, angalia vitu viwili: kasi ya kusoma na kuandika, na "Average response time". Kama iko 100% na kasi ni kubwa, MB themanini, mia kwa sekunde, hapo diski inafanya kazi kweli, kuna mtu kaipa mzigo, rudi kwenye Processes upange kwa Disk umuone ni nani. Inaweza kuwa apdeti za Windows, inaweza kuwa "Antimalware Service Executable" ambayo ni Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, anakagua, inaweza kuwa Windows Search inajenga orodha yake. Mara nyingi ukiiacha saa moja mbili inamaliza. Tatizo mtu anawasha kompyuta nusu saa, anazima, kesho tena nusu saa, hiyo kazi haiishi milele.

Lakini kama iko 100% na kasi ni ya kuchechemea, KB mia mbili, MB moja, na response time inasoma mamia mpaka maelfu ya milisekunde, hapo moyo ukudunde kidogo. Hadi diski isiyo na ugonjwa ikiwa bize utaona makumi ya milisekunde. Maelfu maana yake inasoma sehemu moja, inashindwa, inarudia, inarudia tena. Ukisikia na mlio wa tik, tik, au inazunguka inazima inazunguka, acha kila kitu unachofanya, chukua hadi diski nyingine ukopi vya muhimu KWANZA. Picha, vyeti, hesabu za duka. Muvi achana nazo.

Baada ya hapo ndo upime. CrystalDiskInfo ni ya bure, ukiifungua inakuandikia Good kwa bluu, Caution kwa njano au Bad kwa nyekundu. Usiishie kwenye rangi, shuka kwenye orodha uangalie mistari mitatu, 05 ambayo ni sekta (vile vipande vya diski vya kuandikia) zilizohamishwa, C5 ambazo zinasubiri, na C6 ambazo zimeshindikana. Zikiwa sifuri zote, diski yenyewe haijaanza kuoza kwa kipimo hicho. C5 ikiwa na namba na kesho ukiangalia imeongezeka, hiyo diski inaaga, usiipige Windows upya juu yake maana utakuwa umejenga kwenye mchanga. Kwenye Event Viewer pia, lile daftari la matukio ya Windows, Windows Logs, System, ukikuta chanzo "disk" na namba 7 inayosema kuna "bad block", ni ushahidi uleule.

Kuna mstari mwingine nautaja peke yake kwa sababu umewaokoa watu hela: C7, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta (motherboard). Kama 05, C5 na C6 ni sifuri ila C7 ni kubwa na inaendelea kupanda, mara nyingi diski haina kosa, tatizo ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao, umelegea au umechoka. Kwenye desktop unafungua ubavu, unachomoa unachomeka vizuri au unabadilisha waya, na waya ni bei ndogo sana ukilinganisha na diski. Hiyo namba haishuki hata ukirekebisha, wewe angalia tu kama imeacha kupanda.

Sasa na umeme. Desktop, au laptopu ambayo betri imekufa unaitumia ikiwa kwenye chaji muda wote, umeme ukikatika katikati ya kuandika inaacha mambo nusu nusu kwenye diski. Fungua CMD kama Administrator (raiti kliki juu yake, "Run as administrator") andika fsutil dirty query C: uone inasemaje. Ikisema Dirty, au hata kama una wasiwasi tu, piga chkdsk C: /scan ambayo inaangalia bila kukuzimisha. Ikikuta makosa ndo unaweka chkdsk C: /f, itakuuliza kama ifanye ukiristati, jibu Y. Ile ya /r ambayo watu wanaipenda inasoma diski nzima kipande kwa kipande, inaweza kuchukua masaa mengi, na kwa diski inayokufa ni kama kumkimbiza mgonjwa mbio, kwahiyo usiiguse kabla hujakopi vitu vyako. Kwa mwenye desktop nyumbani UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, sio anasa, ni dakika chache tu za kukuwezesha kusevu na kuzima vizuri, inatosha.

Na kama vipimo vyote viko safi, diski haina kosa, umeme hauna kesi, lakini bado 100% kila ukiwasha? Basi ni hadi diski ya kuzunguka inabebeshwa Windows ya leo. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zimekuja na diski za 5400 rpm (mizunguko kwa dakika) na RAM, ile Memory, GB 4, afu kwa kuwa Windows 10 ilimaliza kupewa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 watu wanalazimisha Windows 11 humohumo, hata kwenye mashine ambayo Microsoft haijairuhusu. Ile GB 4 iliyoandikwa kama kiwango cha chini ni cha kuwaka, sio cha kufanyia kazi na Chrome ina tabu ishirini. RAM ikijaa Windows inaanza kuitumia diski kama RAM, na diski ya kuzunguka ndo inalia hapo, folda hazifunguki kwa sababu foleni ni ndefu.

Hapa sina maneno mengi, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hadi diski kulifikia faili inachukua milisekunde kumi na kitu, SSD ni chini ya moja, na Explorer kazi yake ni kufikia vitu vidogovidogo vingi, ndo maana tofauti unaiona hapohapo kuliko hata ukiongeza RAM. Ila kabla hujatoa hela ujue mashine yako inachukua ipi, ya SATA ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2, na M.2 nazo kuna za SATA na za NVMe hazibadilishani kila mahali. Nenda na laptopu yenyewe dukani wakuonyeshe inaingia. Na ukikuta SSD ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, iache hapohapo.

Mwisho wa habari za diski, angalia nafasi. C: ikiwa nyekundu, imebaki GB mbili tatu, kila kitu kinakuwa kizito hata kama ni SSD. Jitahidi ibaki hata asilimia 10 mpaka 15 wazi.

Flashi na kukopi

Ukichomeka flashi Explorer nzima inaganda, ukiitoa inapona, basi jibu unalo. Ijaribu kwenye tundu lingine na kwenye mashine nyingine. Ikiganda kote flashi imekwisha.

Kama inakopi ila taratibu, piga hesabu kabla ya kulalamika. Tundu la USB 2.0 kwa uhalisia linakupa MB 30 mpaka 40 kwa sekunde, na flashi ya bei rahisi kuandika inaweza isifike hata 10. Muvi ya GB 2 kwa MB 5 kwa sekunde ni karibu dakika saba, hakuna uchawi. Ile kasi kubwa unayoiona mwanzoni afu inashuka, ya kweli ni ile iliyoshuka. Laptopu yako ikiwa na tundu la USB 3, mara nyingi lina bluu ndani, na flashi nayo iwe ya USB 3, tumia hilo. Na mafaili elfu tano madogo yatachelewa sana kuliko faili moja kubwa la uzito uleule, kwahiyo yafunge zip kwanza ndo ukopi.

Flashi inayokubali kila kitu afu ukifungua faili limeharibika, hiyo ni feki, imeandikwa 512 ndani ina kidogo. Ipime kwa H2testw, inaandika nafasi yote iliyo wazi afu inasoma kuhakikisha.

Na wale wa kutoka steshenari na flashi ambayo folda zimegeuka zote kuwa shortcut, usidabo kliki hata moja, hiyo ndo njia yake ya kuingia kwenye mashine. Ikague kwanza na Defender, afu CMD: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako), folda zako za kweli zitajitokeza, zile shortcut unafuta.

Kutafuta faili kunachukua mwaka

Ukitafuta ukiwa umesimama "This PC" inapekua diski nzima, ingia kwanza kwenye folda unayoihisi. Ikiwa hata Documents inachelewa, nenda Indexing Options, Advanced, "Rebuild", iache usiku mzima. Au weka Everything ya voidtools uachane na hiyo habari, inasoma moja kwa moja jedwali la NTFS (orodha ya mafaili ambayo Windows inaitunza kwenye diski) na majina yanatokea huku unaandika. Kwa kawaida inatafuta majina lakini, sio maneno yaliyo ndani ya faili.

Antivairasi mbili, joto na vumbi

Antivairasi mbili kwenye mashine moja hazilindi mara mbili, kila faili linakaguliwa mara mbili na zinagombana. Baki na moja. Na msikubali ushauri wa kuitoa Downloads kwenye ukaguzi ili iwe nyepesi, hapo ndo mlango wenyewe.

Vumbi la hapa nalo tusilidharau, kiangazi upepo ukianza Julai, Agosti, ukiacha dirisha wazi Nzuguni au Ihumwa jioni meza ina rangi ya udongo, sasa fikiria feni inavuta hiyo hewa kila siku. Joto likizidi prosesa inajipunguza kasi yenyewe. Kwenye Performance, CPU, ukiona "Speed" imeshuka chini kabisa ya "Base speed" wakati mashine iko bize na feni inapiga kelele, na CPU iko juu, safisha. Shika feni isizunguke ukiwa unapuliza, na laptopu itoke juu ya godoro.

Umepita kote na bado

Piga sfc /scannow kwenye CMD ya Administrator, inakagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe, ikisema imeshindwa kurekebisha piga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth (hii inahitaji intaneti, andaa bando) afu rudia sfc. Kisha ingia Safe Mode, ambapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, kwa kushikilia Shift huku unabonyeza Restart, Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, ristati, namba 4. Folda zikifunguka fasta humo ndani, mara nyingi ni programu uliyoweka mwenyewe, rudi kwa msconfig uzime huduma zisizo za Microsoft kwa mafungu. Zikiwa nzito hata humo, ni vifaa au Windows yenyewe.

Hizo programu za "PC booster" na "registry cleaner" msinitumie niwahakikishie, jibu ni hapana. Na ukiamua kwenda kwa fundi, mpelekee picha ya Task Manager ikiwa imekwama, picha ya CrystalDiskInfo, na umwambie Safe Mode ilikuwaje. Akizisoma afu bado akasema tupige Windows, muulize diski ameipima.